Nzito Kuliko Maji

Daktari kasema: kisiwe chepesi.
Maji matupu yanampalia baba siku hizi,
chai anaikohoa mpaka machozi yanamtoka.
Kisiwe kigumu pia. Kiwe katikati,
kining'inie kwenye ncha ya kijiko
kana kwamba kinajishauri, ndipo kidondoke.

Basi saa kumi na moja alfajiri nimesimama jikoni,
Februari, Uwajima, kioo cha dirisha kimeshika ukungu,
mbele yangu blenda aliyoituma dada Mitsuyo kwa posta,
nyuma yangu miaka ishirini na sita ya Osaka
nikiuza vipuri vya lifti.
Kusaga sijui. Kumenya nimesahau.

Na mzee huyu, ukimwuliza, tunda halisagwi.
Tunda lina mlango wake, alikuwa akisema, nao uko chini:
tia kidole gumba, zungusha, ganda litoke zima
ulitandaze mezani kama ua.
Mwenye kulisaga amelitukana.
Miaka hamsini alipanda na kushuka matuta yale ya mawe
ambako machenza, wasemavyo watu wa hapa, huota majua matatu:
la juu mbinguni, la chini baharini,
na lile linalorudishwa na kuta.

Machenza matatu.
Iyokan moja, ganda nene, linarusha mafuta, lanichoma jicho.
Nachuna utando mweupe, uzi kwa uzi,
maana uzi mmoja ukimkaa kooni ni safari ya hospitali.
Kokwa natoa nikihesabu. Jana nilisahau mbili,
zikasagika, rojo likawa chungu kama shubiri,
baba akatema, akacheka
kwa ule upande wa uso uliobaki wake.

Ndizi nusu, iliyoiva hadi madoa.
Mtindi vijiko vitatu.
Kiazi kitamu cha mvuke, kipande tu,
hicho ndicho kinachotia uzito; alinifundisha muuguzi Kanbara
akiwa anavaa viatu, mguu mmoja nje.
Sukari hapana. Asali nayo hapana,
ingawa chupa nimeifungua, nikainusa, nikaifunga.

Balungi liko pale dirishani, kubwa kama kichwa cha mtoto,
la mti alioupanda mwaka niliozaliwa.
Halimo.
Hilo na vidonge vyake vya presha haviivi chungu kimoja.
Kila asubuhi baba analitazama, kisha ananitazama mimi,
nami naitazama blenda.

Kelele. Paka wa jirani karuka ukuta.
Ndani ya jagi rangi zinagombana kidogo,
halafu zinakubaliana: njano,
ya kofia za watoto wa darasa la kwanza.

Kijiko cha kwanza anakilaza ulimini, anafumba macho.
Nasubiri kikohozi. Hakiji.
Mdomo unahangaika, neno linatafuta pa kupita.
"Tuta," anasema.
Na baada ya muda wa chai nzima kupoa:
"La nne."

Kapu aliliacha mlangoni Ochiai, anayetuchumia sasa.
Sijui alichuma tuta gani. Ningeweza kumpigia simu.
Sikupiga.

Bilauri ilipobaki tupu, aliyaona maganda yangu
yametapakaa kwenye sinki, vipande vipande,
kazi ya mtu aliyezoea vitu vinavyokuja na bisibisi.
Akaguna.
Mkono wa kushoto, ule mzima,
ukatambaa mezani hadi kwenye chenza lililosalia.
Akalibana kifuani, kidole gumba kikatafuta mlango.
Ganda likakatika. Akaanza tena. Likakatika tena.
Maji ya tunda yakamshuka hadi ndani ya fulana.

Sikumsaidia.
Jua la kwanza, lile la juu, lilikuwa bado halijafika,
naye alikuwa amefika nusu ya duara.
Kesho nitaanza na chenza hilo.